Kanuni ya Kuchelewa Sawa

Inatangazwa kwa walimwengu wote, wachezaji, watazamaji, na hata wale wasiojua kuwasha kompyuta, kwamba kuanzia msimu huu ushindi utagawanywa kwa uwiano. Hakuna kanda itakayoruhusiwa kushinda kupita kiasi, na hakuna kanda itakayoruhusiwa kushindwa bila kibali. Haya si maneno yangu. Ni Waraka wa Mizani, kurasa tisini na mbili, muhuri kila ukurasa. Nami niliyeusimamia ndiye ninayeandika hapa, ili ukweli ukae mahali pake kabla watu wa mtaani hawajautia chumvi.

Cheo changu ni Afisa Mizani wa Kanda ya Tisa katika Shirikisho la Dunia la Michezo ya Kompyuta. Kwa wasiojua, siku hizi kucheza kompyuta ni kazi ya watu wazima, yenye makocha, mikataba na mashabiki wanaolia machozi. Dunia imegawanywa kanda tisa. Kanda ya Kwanza imetwaa ubingwa miaka kumi na moja mfululizo. Kanda ya Tisa, yaani sisi, haijawahi kushinda hata mechi moja ya dunia, lakini imeshindwa kwa nidhamu, na nidhamu hiyo nimeitolea ripoti kila mwaka.

Ofisi yangu iko ghorofa ya tatu juu ya duka la vioo. Haina dirisha. Mezani nina mizani ya shaba yenye sahani mbili, zawadi kutoka makao makuu. Sahani moja iko chini siku zote, hata nikiweka stepla upande wa pili. Fundi aliyekuja kuitazama alisema mizani ni nzima, meza ndiyo imeinama. Nikamwomba aandike maelezo hayo kwenye fomu. Akakumbuka ana kazi kwingine.

Tukija kwenye fomu, watu hunisema kwamba mimi na wino wa bluu tumeoana. Sikatai. Kanuni ya Shirikisho inataka kila saini iwe ya wino wa bluu kwenye karatasi halisi, kwa sababu saini nyeusi haitofautiki na fotokopi, na fotokopi ndiyo mama wa udanganyifu wote. Kwa kanuni hiyo nimerudisha maombi mia tatu na kumi na mawili. Mawili kati ya hayo yalikuwa ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyeomba leseni ya uchezaji akasaini kwa wino mweusi. Nikamrudishia. Mwezi uliofuata akaleta tena, jina la kwanza bluu, jina la pili jeusi, kwa kuwa kalamu ilimwishia katikati. Nikamrudishia tena. Akakosa msimu mzima. Tangu siku hiyo, nikienda kwa dada yangu, hunipa kiti chenye mguu mbovu.

Dada huyo mtaa mzima unamwita Mama Draya. Ana saluni. Mbele kuna madraya manne ya kukaushia nywele, kioo kirefu na sinki la kuoshea nywele. Nyuma ya pazia kuna kompyuta tano juu ya meza mbili zisizolingana kimo, na hapo ndipo makao ya timu ya Kanda ya Tisa. Timu yenyewe ni kinyozi wa saluni hiyohiyo, mwalimu wa hesabu wa sekondari, pacha wawili mafundi simu, na mpwa wangu, nahodha, ambaye dunia inamwita Kobe.

Jina hilo lina sababu. Mechi za dunia huendeshwa na kompyuta moja kubwa, seva, ambayo iko Kanda ya Kwanza, chini ya makao makuu, katika chumba chenye ubaridi ambao wafanyakazi wenyewe hawajawahi kuuonja. Mchezaji wa Kanda ya Kwanza akibonyeza, mtu wake kwenye skrini anafyatua papo hapo. Wa kwetu akibonyeza, amri yake inazunguka nusu ya dunia, inafika imechoka, na mtu wake anafyatua baada ya robo ya sekunde. Robo ya sekunde si kitu kwa mtu anayengoja pasipoti. Kwa mchezaji ni muda wa kufa mara mbili. Watangazaji walimwona mtu wa mpwa wangu amesimama tuli huku anamiminiwa risasi, wakacheka mpaka wakakohoa, wakamwita Kobe. Yeye akaliandika jina hilo kwenye fulana, mgongoni.

Sasa Waraka. Chanzo chake ni kwamba watazamaji walichoka. Ukishajua nani atashinda, unazima skrini unaenda kufua. Fainali iliyopita ilitazamwa na watu wachache kuliko tangazo la dawa ya mende lililoitangulia, na wenye matangazo wakanuna. Mwenyekiti wa Shirikisho, mzee wa Kanda ya Kwanza mwenye sauti ya kubembeleza na kalamu ya dhahabu mfukoni, akaagiza mizani ipatikane haraka.

Mizani aliyoitaka ilikuwa na hatua mbili. Ya kwanza, kuchunguza kwa nini kanda dhaifu ni dhaifu. Ya pili, kuzipunguza. Kanda tisa ni nyingi mno, alisema, nane zinatosha kabisa. Kwa hiyo ingechezwa Mechi ya Uhalali kati ya kanda ya juu na kanda ya chini, kila timu ikiwa kwao. Kifungu cha nane kiliandikwa hivi: kanda itakayoshindwa itafutwa, itakuwa tawi la kanda iliyoshinda, na wachezaji wake watapanga foleni nyuma ya wachezaji wa kanda hiyo. Mwenyekiti alitaka tutajwe kwa jina. Wanasheria wakamkataza, wakasema kutaja jina ni ubaguzi. Wakaandika "kanda itakayoshindwa", wakapongezana kwa umakini wao.

Nilimpelekea Kobe nakala. Alisoma kifungu cha nane mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Huko kuna watu elfu nne kwenye foleni, mjomba," alisema. "Mimi nina miaka ishirini na sita. Mkono wa mchezaji ukifika thelathini umekwisha."

Nilimweleza kwamba katika mifumo yote aliyobuni binadamu, foleni ndiyo ya haki kuliko yote. Alienda kumsaidia mama yake kukunja taulo.

Uchunguzi ulifanyika kitaalamu. Kamati ya watu kumi na mmoja, mimi nikiwa katibu, ilifika saluni na kupima urefu wa vidole, kimo cha viti, joto la chumba na upana wa tabasamu. Ripoti ilitoka na kurasa mia moja na arobaini. Ilibainika kwamba mchezaji wa Kanda ya Kwanza hutabasamu sentimita sita kwa wastani, na wa kwetu nne na nusu. Hicho ndicho kikawa chanzo rasmi cha kushindwa. Kamati ikaelekeza kwamba tangu sasa yeyote anayeomba nafasi, yeye au mwakilishi wake, apimwe tabasamu kwa rula kabla ya kusajiliwa, na asiyefikisha sita arudi msimu mwingine. Wa kwetu watano, kwa kuwa walikuwa wamesajiliwa tayari, walipewa onyo. Mwenyekiti alisaini ripoti siku hiyohiyo.

Kobe aliuliza kama si kwamba wale wenzao hutabasamu kwa sababu wanashinda. Swali zuri, lakini lilikuja baada ya muda wa maswali kwisha. Mwalimu wa hesabu yeye alisema neno moja tu, seva. Ilibidi nimfafanulie taratibu kwamba neno hilo tuliliondoa kwenye ripoti, kwa kuwa mambo ya kuhamisha seva ni ya Kamati ya Majengo, na Kamati ya Majengo haijakutana tangu mwenyekiti wake alipostaafu akaondoka na ufunguo wa chumba cha mikutano. Alinitazama kama anavyowatazama wanafunzi wanaogawanya kwa sifuri.

Basi tukaingia kwenye kikao kikuu, kwa video, maafisa mizani wote tisa. Wenye matangazo walikuwa wameleta malalamiko mapya. Walisema mechi ambayo upande mmoja unachelewa robo ya sekunde itaonekana ya uonevu, na uonevu hauuzi sabuni. Mwenyekiti alitaka haki ipatikane, lakini haki isiyohamisha kitu, isiyogusa mtu, na isiyohitaji kikao kingine. Maafisa wakainamisha vichwa. Wapo waliojifanya picha zao zimeganda.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo, nasema bila kujisifu, ni watu wachache duniani ambao wangelipata.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nilisema, "kama haiwezekani Kanda ya Tisa iwahi, basi wote wachelewe."

Fundi wa seva aliulizwa, akasema ni jambo la kubonyeza tu, kila kanda itachelewa robo ya sekunde. Mwenyekiti akamuuliza kama aliye bora atabaki kuwa bora. Fundi akasema kwa hesabu, ndiyo. Basi Kanuni ya Kuchelewa Sawa ikapita kwa kura zote. Walinipigia makofi, ingawa kwa sababu ya mtandao wa kwetu niliyasikia wenzangu walipokuwa tayari wanakusanya karatasi zao.

Mimi ndiye niliyeandika kifungu cha kumi na mbili, ulinzi wa kanuni hiyo. Kilisema kanuni haiwezi kubadilishwa ila kwa Fomu ya Utenguzi, karatasi halisi, isainiwe kwa wino wa bluu na Mwenyekiti kwanza, kisha maafisa wote kwa mfuatano, kuanzia wa Kanda ya Kwanza hadi wa Tisa, na ipelekwe mkono kwa mkono. Mwenyekiti alikipenda sana. Mbele ya wenye matangazo aliongeza maneno yake mwenyewe mwishoni: "bila kujali cheo cha mtu." Hapo makofi yalikuwa mengi zaidi.

Siku sita kabla ya mechi nilipita saluni kukagua maandalizi. Niliwakuta wamefunika nusu ya kila skrini kwa taulo. Mwalimu wa hesabu anahesabu kwa sauti, moja mbili tatu, na wenzake wanabonyeza bila kuona kitu. Nikadhani uchovu umewapanda kichwani. Nikamuuliza Kobe anampigaje adui asiyemwona.

"Huku kwetu hatupigi adui alipo, mjomba. Tunapiga atakapokuwa," alisema. "Miaka sita sijawahi kumwona mtu ndipo nikampiga. Nampiga kwanza, halafu ndio anatokea."

Walikuwa na daftari kubwa lenye tabia za kila mchezaji wa Kanda ya Kwanza. Huyu akiogopa hurudi nyuma kulia. Yule akiishiwa risasi hujificha palepale. Bingwa wa dunia mwenyewe, kila akipita lango, hugeuka kushoto na kuruka mara mbili kwa maringo, mashabiki wakapagawa. Niliandika kwenye ripoti yangu kwamba timu inafanya mazoezi ya kuhifadhi daftari.

Huko Kanda ya Kwanza nao walijaribu kucheza na robo ya sekunde yao mpya. Habari zilinifikia vipande vipande. Bingwa alibonyeza, akaona kimya. Akabonyeza mara kumi kwa hasira, na baadaye kidogo mtu wake akafyatua risasi kumi ukutani. Mwenzake alitaka apelekwe kwa daktari wa vidole. Mwingine alivunja kibodi kwa goti. Watu waliozoea kuitikiwa papo hapo maisha yao yote, sasa wanasema na hawaitikiwi. Walikiona cha mtema kuni.

Siku nne kabla ya mechi Mwenyekiti alinipigia mwenyewe. Sauti ilikuwa ileile ya kubembeleza. Alisema Fomu ya Utenguzi imeshaanza safari, kila tarishi ameagizwa apande ndege badala ya kusubiri, na mkono wangu ndio wa mwisho. Nikisaini, wao watarudi kupiga papo hapo, sisi tutabaki na robo yetu. Halafu akasema makao makuu pana nafasi ya Naibu Mkurugenzi wa Mizani, na ofisi ya naibu ina dirisha linalotazama bustani.

Sitaficha. Nililitaka dirisha hilo. Miaka kumi na minne nimetazama ukuta, najua mpaka nyufa zake. Usiku ule sikupata usingizi, nikawa napanga pa kuweka meza.

Asubuhi ya mechi nilienda kwa dada yangu kumwambia. Nikapewa kiti chenye mguu mbovu, nikakaa upande mmoja. Yeye alikuwa anamfunga mteja rola, hakusimama kunisikiliza. Nilimweleza habari ya fomu, ya safu ya amri, ya wajibu wa mtumishi. Niliongea sana.

"Kalamu ni yako, mdogo wangu," alisema. "Mimi nimeshika kichwa cha mtu hapa."

Kobe alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia. Akachungulia, uso mkavu.

"Ukisaini nipigie mapema, mjomba. Kinyozi atunyoe wote. Kama ni kuzikwa, tuzikwe tumependeza."

Nilirudi ofisini nikiwa mzito, kana kwamba nimebeba ile seva mgongoni.

Mechi ilikuwa saa nane mchana. Saa saba na nusu tarishi akaingia anahema, ngazi zimemmaliza, akaweka bahasha mezani. Niliifungua. Nikachukua kalamu yangu. Lakini mimi huwa sisaini kitu bila kukisoma tangu juu, na sikuona sababu ya kuanza siku hiyo.

Maafisa wanane, saini nane, bluu safi. Juu yao, saini ya Mwenyekiti, kubwa, yenye mkia. Niliinua karatasi kwenye taa. Nikaishusha. Nikaipandisha tena. Ilikuwa nyeusi. Nyeusi ti.

Maafisa wanane wamesaini chini yake na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kutazama aliyetangulia. Simu ikaita. Alikuwa yeye.

"Umesaini?"

"Mheshimiwa, kuna kasoro ndogo. Saini yako ni ya wino mweusi."

"Hiyo ni kalamu ya dhahabu. Nilizawadiwa na wanachama wote."

"Ni nzuri sana, Mheshimiwa. Ila inaandika nyeusi."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na kifungu kinasema bila kujali cheo cha mtu. Maneno hayo uliyaongeza mwenyewe."

Akaanza kuhema kwenye simu. Akanikumbusha dirisha. Akaniambia dunia nzima inaangalia, nisilete ukaidi wa kitoto kwa sababu ya rangi. Nami, Mungu ananiona, nilimwonea huruma. Nilitaka kumpitishia. Nikakumbuka sijawahi kumwonea mpwa wangu huruma hiyo, aliposimama mbele ya meza hii na leseni yenye rangi mbili. Kama nilimrudishia mtoto wa dada yangu mara mbili akapoteza mwaka wake, huyu ningempitishia kwa uso gani?

Watu wanasema nilifanya hivyo kwa ajili ya ndugu. Waseme. Nilijaza Fomu ya Marejesho nakala tatu, sababu ya kurudishwa: wino. Nikampa tarishi, nikamweleza kwamba Mwenyekiti atasaini upya, kisha maafisa wote nao upya, kwa mfuatano. Tarishi aliangalia saa, akaangalia ngazi, akaomba maji.

Nilifika saluni mbio. Wateja wote wamegeuzia viti kwenye skrini kubwa iliyotundikwa juu ya sinki. Mchezo wenyewe ni rahisi kuufuata: watu watano kila upande, uwanja mmoja, lango katikati. Ukiwamaliza wa mwenzako, duru ni yako. Duru tatu, mwenye mbili ameshinda.

Duru ya kwanza tulipigwa. Madraya yote manne yalikuwa yanawaka, umeme ukashuka, na skrini za vijana wetu zikafifia wakawa wanacheza kwa kukisia. Mama Draya alipoona hivyo alikwenda ukutani akang'oa plagi zote nne, moja baada ya nyingine. Wateja walibaki na nywele mbichi kwenye rola. Mmoja alikuwa na harusi ya mdogo wake saa kumi. Akasema harusi itangoja, yeye si bibi harusi.

Duru ya pili ilikuwa aibu ya dunia. Vijana wa Kanda ya Kwanza walibonyeza, wakangoja, wakakosa subira, wakabonyeza tena, na watu wao wakawa wanafyatua mahali ambapo hapana mtu tangu zamani. Mmoja alimpiga mwenzake. Wa kwetu walipita katikati yao taratibu, wanahesabu. Watangazaji waliokuwa wakicheka miaka yote walianza kusifu mandhari ya uwanja.

Duru ya tatu ilikuwa ya kuvutana. Pacha wakaenda, kinyozi akaenda, mwalimu akaenda, ila alimmaliza kwanza adui wa nne. Akabaki Kobe peke yake, na bingwa wa dunia peke yake, upande wa pili wa lango. Bomba la sinki lilisikika linavyovuja. Mpwa wangu aliegemea mbele, akafumba macho, akabonyeza.

Langoni hapakuwa na mtu. Nilidhani amekosea. Nilidhani kila kitu kimekwisha, foleni ya elfu nne, mkono wake, miaka yake, na nikafumbua mdomo nimwambie sijui nini. Ikapita robo ya sekunde.

Bingwa akatokea langoni. Akageuka kushoto. Akaruka mara ya kwanza. Ya pili hakuimaliza.

Kelele zilizotoka pale zilimleta mwenye duka la vioo kutoka kule chini ya ofisi yangu. Mama Draya, bila kukumbuka, alikaa kwenye kile kiti kibovu, kikamlaza chini, akaendelea kulia palepale sakafuni huku anacheka. Kobe alikuja akanikumbatia. Nilimwambia anakunja kola yangu. Nilikuwa nalia pia, sioni sababu ya kulificha.

Kesho yake Mwenyekiti alilalamika kwamba kifungu cha nane kilikusudiwa kwetu. Wanasheria wake wakakisoma kwa sauti, wakatazamana, wakamwambia makusudio hayasainiwi. Kanda ya Kwanza ikafutwa. Sasa inaitwa Tawi Dogo la Kanda ya Tisa. Ufunguo wa Kamati ya Majengo ulipatikana kwenye droo ya mstaafu baada ya kikao cha dakika tatu, na kwa kuwa seva hukaa makao ya kanda inayoongoza, ilifungwa kwenye mbao ikasafirishwa. Iko kati ya draya la pili na la tatu. Wateja wanasema inakausha vizuri. Siku za kwanza, kwa kuwa ile robo ya sekunde ilizimika yenyewe safarini, Kobe alikosa kila kitu alichopiga, risasi zake zikifika kabla ya adui kuzaliwa. Akaomba Kanuni ya Kuchelewa Sawa irudishwe kwa wote. Fomu aliijaza kwa bluu, nikaipitisha.

Dirisha sikulipata, na siku hizi sijali kama nilivyodhani. Dada yangu amenipa kiti kizima.

Jumanne iliyopita Mwenyekiti wa zamani alifika saluni mwenyewe, kuwaombea nafasi vijana wake watano. Alikaa kwenye foleni tangu asubuhi, nyuma ya mama mwenye rola na mbele ya mwingine aliyekuja kusuka. Kifuani alikuwa na kalamu ya plastiki, bluu. Kobe, ambaye sasa ndiye msajili, alizipitia fomu zote tano kwa kidole, hakuona kosa, akazigonga muhuri. Mzee akaanza kushukuru.

"Bado tabasamu," Kobe alisema.

Mzee alidhani ni mzaha. Nikamfungulia ripoti ya kamati ukurasa unaohusika, mwakilishi wa mwombaji, rula, sentimita sita, na chini yake saini yake mwenyewe, kubwa, yenye mkia. Kisha akajikaza, akatabasamu kadiri alivyoweza mbele ya wateja wote, nami nikaweka rula nikasoma polepole ili nisimwonee.

Sentimita nne na nusu. Niliandika hivyo kwenye fomu, nikamwambia ajaribu tena msimu ujao. Mama Draya akamwonea huruma kwa safari yake ndefu, akamvutia kiti apumzike kidogo kabla ya kuondoka. Nilikitambua kiti hicho, lakini kukitolea maelezo si kazi ya ofisi yangu.